Kaburi Moja, Koo Mbili: Kuisoma Familia ya Kichina Iliyohamia Marekani

Colma, mji mdogo kusini mwa San Francisco, una wafu wengi kuliko walio hai. Ukipita kwenye makaburi ya Wachina pale, hutachelewa kukuta jiwe ambalo kwa Kiingereza limeandikwa Lee, na hapo hapo kwa Kichina limeandikwa 陳, yaani Chan. Fundi wa mawe hakukosea. Lee ni jina la serikali, Chan ni jina la damu. Marehemu aliingia nchini kwa hati za mtoto wa mtu mwingine, akalipa kodi, akaoa, akaandikisha watoto shule kwa jina la Lee, na siku ya kuzikwa ndipo wanawe walipothubutu kuandika ukweli, tena kwa herufi ambazo ofisa wa uhamiaji asingeweza kuzisoma.

Kama unafuatilia historia ya familia ya namna hii (wapo Waswahili wenye wakwe na mashemeji wa Kichina huko California na New York, na watoto wakifika umri fulani huanza kuuliza), anzia makaburini, usianzie kwenye karatasi. Karatasi zitakudanganya. Ila uongo wake una kanuni, na ukizijua kanuni unausoma bila shida. Tena uongo huo haukuishia kwa babu. Ndio uliochagua nani apande ndege miaka 60 baadaye na nani abaki kijijini.

Wilaya nne

Wachina wa mwanzo Marekani hawakutoka China yote. Wengi wao walitoka wilaya nne za mkoa wa Guangdong, magharibi mwa delta ya Mto Pearl: Xinhui, Kaiping, Enping na Xinning, ambayo mwaka 1914 ilibadilishwa jina ikawa Taishan. Kwa pamoja huitwa Siyi, yaani wilaya nne. Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafutaji, kwa sababu lahaja ya Taishan si Kikantoni cha mjini, na majina yaliandikwa na makarani Wazungu kadiri walivyoyasikia. Herufi moja ile ile 陳 ni Chin kwa mtu wa Taishan, Chan kwa mtu wa Hong Kong, Chen kwa Kimandarini na Tan kwa Wahokkien, Wachina wenye asili ya mkoa wa Fujian. 吳 ni Ng, ni Eng, ni Wu. Kwa hiyo Chin na Chan wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na Ng wawili wanaweza wasihusiane hata kidogo, maana 伍 nayo husomwa Ng.

Dhahabu iligunduliwa California Januari 1848. Mwaka 1852 peke yake Wachina wapatao 20,000 waliteremka San Francisco, mji ambao kwa Kichina hadi leo unaitwa Jiujinshan, Mlima wa Dhahabu wa Zamani ("wa zamani" kwa kuwa Australia nayo ilipata dhahabu na ikawa mlima mpya). Mwaka huo huo wachimbaji wa kigeni wakatozwa kodi ya dola 3 kwa mwezi, na mwaka uliofuata ikapanda hadi dola 4. Wengine wakaenda kujenga reli ya Central Pacific, ile iliyokamilika Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Habari za reli zimeandikwa sana, na kwa mtafuta ukoo hazina msaada mkubwa: daftari za mishahara ziliandika zaidi majina ya wanyapara na makundi yao, si ya mfanyakazi mmoja mmoja.

Kinachosaidia ni sheria, kwa sababu kila sheria iliacha karatasi yake. Sheria ya Page ya 1875 ilisema inazuia makahaba, lakini kwa vitendo kila mwanamke wa Kichina alitiliwa shaka, na wake wengi wakabaki kwao. Tarehe 6 Mei 1882 ikaja Sheria ya Kuwazuia Wachina: vibarua marufuku kwa miaka 10, na Mchina yeyote asipewe uraia wa kuomba. Mwaka 1888 Sheria ya Scott ikafuta vyeti vya kurudi huku watu wapatao 20,000 wakiwa ng'ambo na vyeti vyao mfukoni. Mwaka 1892 Sheria ya Geary ikaongeza miaka 10 mingine na kumtaka kila kibarua wa Kichina awe na cheti cha ukaazi, la sivyo akamatwe na kufukuzwa. Msomaji wa Kenya aliyesimuliwa habari za kipande, ile hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba enzi za ukoloni, ataelewa haraka ni kitu gani hiki. Katazo lilidumu hadi Desemba 1943, na hata lilipofutwa China ilipewa nafasi 105 tu kwa mwaka.

Milango miwili iliyobaki wazi

Sheria ya 1882 iliwaacha wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, watalii na wanadiplomasia. Kwa familia ya kawaida ya Taishan ulibaki mlango wa mfanyabiashara, na baadaye ukafunguka mlango wa raia.

Mfanyabiashara aliyetaka kusafiri na kurudi, au kumleta mke na watoto, alipaswa kuthibitisha kwamba kwa mwaka mzima kabla ya safari alikuwa mbia katika biashara halali na hakufanya kazi ya mikono, isipokuwa ile inayotakiwa na biashara yenyewe. Ushahidi wa Wachina haukutosha. Walitakiwa mashahidi wawili wasio Wachina. Ndiyo maana katika majalada ya uhamiaji ya kipindi hicho utakutana na watu usiowatarajia, jirani mwenye ghala, karani wa benki, muuza maziwa, wakiapa kwamba huyu bwana wanamwona kila siku nyuma ya kaunta na hajawahi kushika pasi ya kunyooshea nguo.

Pasi hiyo ndiyo iliyowaponza wengi. Dobi alihesabiwa kibarua hata kama duka la kufulia ni lake mwenyewe na ameajiri watu 3. Mwenye duka la chai na vyombo alihesabiwa mfanyabiashara. Mwenye mgahawa alikuwa upande wa vibarua hadi mwaka 1915, mahakama ya shirikisho ilipokubali kwamba naye ni mfanyabiashara. Tangu hapo migahawa ya Kichina ikaongezeka kwa kasi. Si kwamba Wamarekani waliamka siku moja wakipenda tambi. Mgahawa uligeuka kuwa viza. Jamaa kadhaa walichanga mtaji, wakafungua mgahawa wa hadhi, wakapokezana umeneja mwaka hadi mwaka na nusu kila mmoja, ili kila mmoja apate sifa ya kumleta mtu wake. Ukiona mgahawa mmoja wenye "mameneja wakuu" 5 ndani ya miaka 7, usidhani biashara ilikuwa na ugomvi.

Mlango wa raia ulifunguliwa na mpishi. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1870, wazazi wake wakiwa Wachina. Agosti 1895 alirudi kutoka China kwa meli ya Coptic, forodha ikamkatalia kushuka, ikamshikilia kwenye meli bandarini kwa miezi minne hivi. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 2, kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, awe Mchina au nani. Na mtoto wa raia, hata akizaliwa Taishan, alikuwa raia pia, mradi baba alishawahi kuishi Marekani kabla ya mtoto kuzaliwa.

Kushinda kesi hakukumletea Wong Kim Ark raha ya familia. Mkewe alibaki China. Kijana wa kwanza aliyeletwa kama mwanawe mwaka 1910 alikataliwa kwa sababu majibu ya baba na mwana hayakulingana. Mdogo kuliko wote aliingia mwaka 1926 akiwa bado mtoto. Baba mwenyewe aliondoka kwenda China mwaka 1931, na hakuna karatasi inayomwonyesha amerudi.

Moto ulioteketeza vyeti, na biashara ya nafasi

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12, tetemeko liliipiga San Francisco na moto ukafuata. Kumbukumbu za vizazi za jiji ziliungua. Kuanzia hapo Mchina yeyote mwenye umri unaofaa na shahidi wawili watatu aliweza kusema: nilizaliwa mtaa wa Dupont, cheti changu kimeungua. Serikali haikuwa na karatasi ya kumpinga.

Raia wa namna hii, wa kweli au wa kubuni, alisafiri kwenda China, akakaa mwaka mmoja au miwili, akarudi. Bandarini aliulizwa: umepata watoto? Akajibu ndiyo, mwana mmoja, akataja jina na tarehe. Labda alizaliwa mwana kweli. Labda alizaliwa binti. Labda hakuzaliwa mtu. Kwa safari 4 alikuwa amesajili wana 4 au 5, na kila mmoja ni nafasi iliyoandikwa kwenye vitabu vya serikali, ikisubiri mtu wa umri huo. Ukipitia majalada mengi ya kipindi hicho utaona familia zilizojaa wana watupu, binti mmoja mmoja kama chumvi. Ndiyo dalili ya kwanza.

Nafasi iliuzwa kupitia wakala, na bei iliyokuwa ikitajwa sana ni dola 100 kwa kila mwaka wa umri: kijana wa miaka 15, dola 1,500. Familia ilikopa kwa jamaa, na kijana alifika akiwa na deni la miaka kadhaa ya kazi. Aliyenunua aliitwa mwana wa karatasi.

Hapa watu hukosea kwa kudhani kila mwana wa karatasi alibadilisha jina la ukoo. Nafasi nyingi ziliuzwa ndani ya ukoo au kijiji kile kile, kwa mpwa au mtoto wa binamu, kwa kuwa jamaa huaminika na pia anajua kijiji. Katika hali hiyo jina la ukoo ni la kweli na baba ndiye wa uongo. Kwa hiyo kaburi likikuonyesha jina moja pande zote mbili, usishangilie bado.

Kisima kiko upande gani?

Aliyenunua nafasi alipewa daftari la majibu, kurasa kadhaa za maswali, ramani ya kijiji, na majina ya babu, bibi, wajomba na majirani. Alilikariri nyumbani, akalirudia melini kutoka Hong Kong, na kabla ya kufika akalitupa baharini. Kituo cha uhamiaji alikohojiwa, kuanzia Januari 1910 hadi moto wa Agosti 1940, kilikuwa kisiwani Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco. Kabla ya hapo watu walifungiwa kwenye banda la ghorofa mbili gatini.

Kwanza daktari. Walitafuta trakoma machoni, na kwenye choo walitafuta minyoo ya safura na ya ini, magonjwa ya kawaida kwa mkulima wa mpunga. Aliyekutwa nayo alitibiwa kwa gharama yake, au alirudishwa. Kisha akasubiri kuitwa, wiki mbili tatu, pengine miezi. Wachache walikaa karibu miaka miwili. (Mashairi zaidi ya 200 yamekutwa yamechongwa kwenye kuta za mbao za mabweni. Mlinzi wa hifadhi aliyaona mwaka 1970, wakati jengo lilikuwa limepangiwa kubomolewa.)

Chumbani walikaa wakaguzi, mpiga chapa na mkalimani. Mkalimani alibadilishwa kila kikao ili asipate nafasi ya kula njama. Mahojiano yalichukua siku mbili, tatu, nne. Vijiji vya Siyi vimejengwa kwa safu zilizonyooka, nyumba zote zikitazama upande mmoja, bwawa mbele. Ndiyo maana swali lilikuwa na jibu moja tu. Nyumba yenu ni ya ngapi katika safu ya ngapi, ukihesabu toka kichwa cha kijiji? Nani anakaa nyumba ya tatu, safu ya pili? Ana watoto wangapi? Sakafu ya chumba cha mama ni ya vigae au udongo? Pipa la mchele liko wapi? Kuna saa ukutani? Bibi yako alifungwa miguu utotoni ili isikue, au ni ya kawaida? Kaburi la babu liko upande gani wa kijiji? Baada ya hapo "baba" aliitwa, akaulizwa maswali yale yale, kisha "kaka" aliyeingia miaka 6 iliyopita, na majibu yakalinganishwa na majalada ya zamani.

Ajabu ni kwamba mtoto wa kweli alikuwa na nafasi kubwa ya kushindwa. Mwana wa karatasi alikariri daftari moja na baba yake wa karatasi. Mwana wa damu alijibu alivyokumbuka, na baba alijibu alivyokumbuka kabla hajaondoka. Katikati hapo pesa za Marekani zimeshaweka vigae chumbani, kisima kimefukiwa, jirani amehama. Baba anasema udongo, mwana anasema vigae. Tofauti 4 au 5 za namna hiyo zilitosha kumkatalia mtu. Ndiyo maana hata familia za kweli zilinunua daftari na kukariri. Kwa hiyo majibu yanayolingana neno kwa neno hayathibitishi chochote. Mimi huyatilia shaka zaidi ya yale yanayogongana kidogo.

Aliyeshindwa alikata rufaa Washington kupitia wakili. Wakati huo jamaa wa mjini walipenyeza vikaratasi vya masahihisho kupitia wapishi Wachina wa kituoni, ndani ya chakula.

Kuusoma umri

Tarehe ndizo zinazowachanganya watafutaji wapya. Kwenye majalada mwaka huandikwa K.S. 23 au C.R. 10. K.S. ni enzi ya mfalme Guangxu: ongeza 1874, upate 1897. S.T. ni Xuantong, mfalme wa mwisho: ongeza 1908, na haizidi 3. C.R. ni Jamhuri ya China: ongeza 1911, upate 1921. Mwezi na siku ni za kalenda ya mwezi mwandamo, kwa hiyo "mwezi 12" wa mwaka fulani mara nyingi huangukia Januari au Februari ya mwaka unaofuata wa kalenda yetu.

Umri nao ulihesabiwa Kichina: mtoto akizaliwa ana mwaka 1, na Mwaka Mpya wa Kichina ukiingia anaongeza mwingine. Aliyezaliwa wiki mbili kabla ya Mwaka Mpya ana "miaka 2" kabla hajatimiza mwezi. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya karatasi mbili basi si dalili ya udanganyifu. Tofauti ya miaka 4 ndiyo ya kukufanya ukae kitako: huenda nafasi iliyopatikana ilikuwa ya mtu mkubwa kuliko kijana mwenyewe. Wapo waliofikia umri wa pensheni mapema kwa sababu hiyo.

Jambo jingine ni jina la ndoa. Mwanamume wa Siyi akioa alipewa jina la pili, na hulitumia kwa heshima kati ya jamaa. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la utotoni, la shule, la ndoa na la karatasi. "Ah" iliyo mbele ya jina, kama Ah Fook, si sehemu ya jina, ni namna ya kuita. Watoto wa baadhi ya wahamiaji wamebaki na "Ah" kama jina la ukoo, kazi ya karani.

Wake, maungamo, na sheria ya 1965

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwafungia hata wake wa raia, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ikathibitisha. Mke wa mfanyabiashara aliruhusiwa, mke wa raia hakuruhusiwa. Kichekesho cha kisheria, lakini kiliacha kizazi kizima cha wanaume wakilea familia kwa barua na hundi. Wake walianza kuja kwa wingi baada ya vita, hasa tangu 1946, wake wa raia walipoondolewa kwenye ile hesabu ya 105.

Kisha ukaja mwaka 1956 na mpango wa maungamo, uliodumu hadi 1965. Kipindi cha kuogopa ukomunisti, serikali ikasema: ungama jina lako la kweli, tutaona la kufanya. Haikuahidi msamaha. Tatizo ni kwamba mtu hakuweza kuungama peke yake. Akisema "mimi si Lee", amemfichua baba wa karatasi, kaka wa karatasi, na watoto wao wote. Waliungama karibu watu 14,000, wakafichuliwa wengine zaidi ya 22,000, na nafasi zaidi ya 11,000 ambazo hazijatumika zikafungwa. Familia ziligombana vibaya kwa hilo. Kaka mmoja alitaka kuungama amlete mama, mwingine hakutaka kwa kuwa ana duka na watoto.

Tarehe 3 Oktoba 1965 ikatiwa saini sheria mpya iliyoweka undugu mbele: kila nchi nje ya mabara ya Amerika hadi nafasi 20,000 kwa mwaka, na mke, mume, watoto wadogo na wazazi wa raia nje ya hesabu hiyo. Raia mtu mzima aliweza kumwombea hata ndugu yake wa kuzaliwa naye. Chukua mtu aliyenunua nafasi mwaka 1930. Kwenye karatasi ana kaka wawili: mmoja ni mwana wa kweli wa yule baba, wa pili hajawahi kuwepo duniani. Kwa damu ana dada wawili na mdogo wa kiume kijijini. China na Marekani zinarudisha uhusiano Januari 1979, watu wanaanza kuruhusiwa kutoka. Kama aliungama, anajaza ombi la ndugu zake watatu kwa jina lake la kweli. Kama hakuungama, jalada lake linasema wazazi wake ni watu wengine, na hana ndugu yeyote wa kumwombea isipokuwa kaka asiye wake. Dada zake wanabaki. Ndiyo maana matawi mawili ya ukoo mmoja yanaweza kuwa, moja San Francisco kwa watu 40, jingine Taishan lote, na hakuna anayeeleza sababu kwenye karamu za harusi.

Waliofika kwa njia hiyo walikuja na vyeti vya mthibitishaji wa serikali ya China, kwa kuwa wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha wakati ule. Foleni ya ndugu ilikuwa ndefu, na leo huzidi miaka 10. Kinachoharibika zaidi hapo ni watoto: mpwa aliyekuwa na miaka 9 ombi lilipowasilishwa anafikisha 21 kabla ya zamu, anaondolewa kwenye ombi la mzazi. Sheria ya 2002 inaruhusu kupunguza umri kwa muda ombi lilipokuwa likisubiri kuidhinishwa, lakini si muda wa kusubiri foleni yenyewe. Wasomaji wetu waliozoea kucheza bahati nasibu ya grinikadi wajue kwamba mzaliwa wa China bara hana mlango huo, kwa kuwa nchi yake tayari inapeleka watu wengi.

Mahali pa kutafuta, na kwa mpangilio gani

Chora nasaba mbili tangu siku ya kwanza, ya karatasi kwa wino mweusi, ya damu kwa mwekundu, na kando ya kila jina andika namba ya jalada. Anayejaribu kuziweka kwenye mchoro mmoja hukwama baada ya wiki.

Piga picha kaburi, upande wa Kichina kwa karibu. Jiwe la mtu wa Siyi kwa kawaida hutaja wilaya, kata na kijiji. Nyumbani tafuta cheti cha utambulisho (kilianza kutolewa 1909), pasipoti, bahasha za barua zenye anwani ya Kichina, na picha zilizoandikwa nyuma.

Majalada ya kipindi cha katazo yako Nyaraka za Taifa za Marekani, kundi namba 85, yakigawanywa kwa bandari: ya San Francisco yako San Bruno, na mengine Seattle, New York, Riverside na kwingineko. Uliza kwa jina la karatasi, mwaka na meli. Ukilipata, usiridhike na jalada la mtu wako peke yake. Omba ya baba, kaka na mashahidi, maana namba zao huandikwa kwenye jalada lake. Fomu 430 ni ya raia anayetaka kusafiri na kurudi, 431 ya mfanyabiashara, 432 ya kibarua. Ndani yake kuna orodha ya watoto kwa kila safari, na ukizipanga orodha hizo kwa miaka utaona nafasi zikizaliwa.

Jalada lisipoonekana, mara nyingi halikupotea. Baada ya Aprili 1944 lilihamishiwa kwenye jalada jipya lenye namba inayoanza na A. Hayo huombwa idara ya uhamiaji, kitengo cha nasaba, kwa fomu G-1041 kupata namba na G-1041A kupata nakala. Yenye namba kubwa kuliko milioni 8 huombwa kwa sheria ya uhuru wa habari. Maungamo, kama yapo, yatakuwa humo, na jina la kweli pamoja nayo.

Ukishapata jina la kijiji kwa herufi za Kichina ndipo uende China. Kwa herufi za Kilatini pekee hutafika, kwa sababu majina ya vijiji yanafanana mno. Ubalozi mdogo wa Marekani Hong Kong ulichapa faharasa ya koo na vijiji vya Taishan, Kaiping, Xinhui na Zhongshan kwa ajili ya wachunguzi wake. Sasa ni wajukuu wa waliochunguzwa wanaoitumia zaidi.

Kijijini ulizia kitabu cha ukoo. Vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, vingine vilifichwa darini au nakala yake ilikuwa Hong Kong. Kitabu kitakupa baba hadi baba kwa vizazi 20 au zaidi, lakini mke ataandikwa kwa jina la ukoo wake tu, na binti mara nyingi hayumo. Kwenye karatasi za Marekani, binti huyo aligeuzwa mwana ili nafasi iuzwe. Mahali anapoonekana ni kwenye barua zilizokuja na pesa, kwa kuwa baba alipanga mgawo mwishoni: mama kiasi hiki, kaka kiasi hiki, ada ya shule kiasi hiki, binti mkubwa dola 2. Hesabu waliopewa pesa, kisha rudi kwenye orodha ya fomu 430 uone ni nani asiye na jina kule.